Injini Mbili na Mtumbwi wa Mjomba

Jino langu la kwanza kung'olewa lilitoka kwa koleo la misheni, na aliyenishika kichwa ni mjomba wangu. Nilikuwa ndiyo kwanza naota ndevu. Jino lilikuwa limeniuma tangu mavuno ya mpunga, shavu limevimba mpaka jicho limefunga, na mama alikuwa amemaliza dawa zake zote, mizizi, chumvi, majivu, mwisho mafuta ya taa. Mtu wa dawa pale misheni alikuwa mtu wa kwetu tu aliyefundishwa kufunga vidonda. Akanikalisha juu ya sanduku, akamwambia mjomba, "Mshike masikio." Mjomba akanishika masikio kama mtu anayeipua sufuria ya moto. Jino likatoka vipande viwili. Sikulia, na si kwa ushujaa. Nilikuwa nimechoka tu.

Ninachokumbuka zaidi ni kurudi. Nimelala ndani ya mtumbwi, natema damu mtoni, mjomba amesimama nyuma anasukuma kwa upondo, na njia nzima hakuniuliza habari ya jino. Alikuwa anausifu mtumbwi wake. Ulikuwa mpya, bado unanuka mti. Mkuyu wenyewe aliukata msituni karibu na Hewani akauchonga kiangazi chote, mashavu yamemwingia ndani kwa kazi ile.

"Sikia," akaniambia. "Unasikia?"

Sikusikia kitu, sikio lilikuwa linavuma.

"Ndiyo hivyo. Hauna kelele. Mkuyu ni mti mwepesi, mpwa wangu. Huu naweza kuutoa majini na mke wangu tu, bila kumwita mtu."

Mke wake alikuwa mwanamke mwenye nguvu kuliko yeye, kwa hiyo sijui alikuwa anausifu mtumbwi au nani.

Mtumbwi ule ulidumu miaka mingi. Sisi Wapokomo twauita waho. Ulibeba mpunga na ndizi, ulibeba mbuzi wa mahari yangu, ulibeba maiti ya baba yangu siku maji yalipofunika njia ya makaburini. Halafu, ulipokuwa mzee na una viraka, ukabeba injini mbili, na hiyo ndiyo habari iliyonikalisha hapa. Nimeanzia kwenye jino kwa sababu kila nikikumbuka zile injini, meno ndiyo yanaanza kuniuma.

Hii ilikuwa miaka ile ambayo bara kulikuwa na hali ya hatari, na sisi huku tulisikia tu kwa redio ya duka na kwa madereva wa malori. Nilikuwa nimeshaoa. Kazi yangu ilikuwa kuvuta feri ya Garsen. Feri haikuwa na mashine. Ulikuwepo waya mnene kutoka ukingo hadi ukingo, na sisi tunaushika kwa matambara na kuuvuta, feri inakwenda na gari lake juu. Ukimaliza kuvusha lori la ngozi, mwili mzima unanuka ngozi, na ukifika nyumbani mke anakupa chakula mlangoni. Mjomba ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Yeye havuti, anahesabu maji kwa macho na kusema, "Bado," au, "Haya."

Ng'ambo ya mto kutoka mjini, upande wa Idsowe, palikuwa na kinu cha kukoboa mpunga, chake Mhindi mmoja mzaliwa wa Mombasa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Changu kimechanganyika na Kipokomo mpaka leo, na darasani nilikaa mwaka mmoja na kipande. Tulimwita Mwenye Kinu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, kofia yake imejaa vumbi la makapi, na siku ambazo feri haina kazi nilikuwa nambebea magunia. Kwa hiyo haya ninayosema niliyaona mwenyewe.

Mke wake alikuwa ameondoka. Masika yaliyotangulia homa ya mbu ilimpiga mara kwa mara, akapandishwa juu ya lori la ngozi na kupelekwa Mombasa kwa ndugu zake. Alikaa juu ya zile ngozi safari nzima, na walisema nguo zake zilichomwa alipofika, hazikufulika. Mwenye Kinu alibaki na kinu. Alikuwa akipika mwenyewe, dengu kila siku, na ukimkuta anakula anakuwa ameigeuzia njia mgongo.

Basi siku moja Msomali mwenye lile lori, ambaye pia alikuwa na duka na biashara ya mifugo, akarudi kutoka Mombasa na salamu. Nilikuwa nashona gunia pale pale. Msomali akasema bila kukaa:

"Mama anasema hivi. Ukienda kumchukua kabla ya masika, atarudi na wewe. Masika yakikukuta huku, usiende tena. Basi. Mimi nimefikisha."

"Alisema hivyo hivyo?"

"Aliniambia mara mbili, nisisahau."

Mwenye Kinu akazima mashine. Mashine ikizimwa pale kinuni unasikia ndege, na ulikuwa unashangaa kwamba ndege walikuwepo muda wote.

Sasa nieleze gari. Nyuma ya kinu, chini ya makuti, alikuwa na gari la mbio la viti viwili, lisilo na paa, la kabla ya vita, lina pua ndefu, boneti yake imefungwa kwa mkanda wa ngozi kama shehena ya punda, na magurudumu yana waya nyembamba nyembamba. Aliliacha afisa mmoja wa Kizungu aliyehamishwa. Mafuriko yaliingia hadi ndani ya injini yake, bloku, lile tumbo la chuma la injini, ikapasuka. Mwenye Kinu alilipata likiwa hivyo, na alikuwa akilipangusa kila Ijumaa kama mtu anayepangusa meza ya wageni. Alikuwa fundi wa kweli wa mashine. Akaamua kwamba atatia injini nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza, ataendesha mpaka Mombasa, atamweka mkewe kwenye kiti cha ngozi laini badala ya ngozi mbichi, na kumrudisha.

Mtu angesema, mbona hakupanda lile lori la Msomali akaenda? Nilimwuliza.

"Nimfuate juu ya ngozi, halafu nimrudishe juu ya ngozi?" akasema. "Wewe ungepanda?"

Mimi sijawahi kumpeleka mke wangu popote.

Injini zilikuwa mbili za kuchagua. Msomali alikuwa na lori lake la zamani lililoanguka ukingoni, na injini yake, iliyolala uwanjani kwake, ilikuwa nzima, ya pistoni sita. Ya pili ilikuwa juu ya mto, kwenye shamba moja lililokufa, injini ya pampu ya maji yenye pistoni nne, ndogo kwa umbo. Mwenye Kinu alikuwa amepima kwa uzi, zote mbili zingeingia, ile ya lori kwa kukata chuma kidogo. Ya lori ilikuwa na nguvu. Lakini yeye aliijua njia ya Malindi. Ule udongo mweusi kiangazi una nyufa za kumeza mguu, na ukipata maji kidogo tu unakuwa kama ugali usioiva. Gari likiwa zito puani, halitoki. Kwa hiyo swali lake lilikuwa moja tu: je, ya lori ni nzito kuliko ya pampu, na kama ni nzito, kwa kiasi gani?

"Ya lori ichukue ufunge," Msomali akamwambia. "Hiyo imepanda milima ya Ukambani na ng'ombe kumi na wawili nyuma."

"Na wewe unataka iondoke uwanjani kwako," mjomba akasema.

"Nataka iondoke, ndiyo. Hata wewe ungependa jiwe liondoke mlangoni. Lakini inapanda mlima."

"Huku kuna mlima gani?"

Msomali akacheka. Huku hakuna mlima. Ukisimama juu ya gunia unaona hadi kesho.

Mizani ya kinuni ilikuwa ya gunia moja moja. Walijaribu kuitundika injini ya lori, kulabu ikafunguka kama kidole cha mtu aliyelala. Hapo ndipo mjomba aliposema tutapima kwa mtumbwi, na hakuna aliyeshangaa. Kwetu ndugu wawili wakigawana mpunga, haupimwi kwa debe. Unatia mzigo wa mmoja mtumbwini, unachanja alama kwa panga pale maji yalipofika, unautoa, unatia wa pili mpaka maji yafike alama ile ile. Baba yangu na mjomba huyu huyu waligawana hivyo, na hawakugombana, au waligombana kwa mambo mengine.

Kiangazi kile mtumbwi ulikuwa nchi kavu kwa muda mrefu. Ulikuwa umepata ufa tumboni, mjomba akaupandisha ukingoni juu ya magogo na kuahidi kuuziba, na akawa anaahidi kila Jumapili. Jua liliupiga miezi na miezi, ukawa mweupe kama mfupa. Sasa kwa ajili ya injini akauziba kwa tambara na lami, tukaushusha majini. Akachanja alama moja ukiwa mtupu. Kisha tukaibeba injini ya lori kwa miti, mabega yakatuchubuka, tukailaza katikati. Maji yakapanda ubavuni, yakatulia. Mjomba akachanja alama ya pili, akapangusa panga kwenye paja.

"Haya. Hiyo ndiyo lori," akasema.

Ya pampu ilibidi tuifuate. Tulipanda mto na mtumbwi ule ule, mjomba, mimi na wavutaji wengine wawili, tunasukuma dhidi ya maji, tunalala mchangani mbali na mamba, tunaliwa na mbu. Nilizeeka safari ile. Huko juu mlinzi wa lile shamba alikuwa amekwenda msibani, tukangoja arudi. Alipokuja akataka kutusimulia msiba wote kabla ya kutupa ufunguo. Tukaipakia injini, tukateremka nayo, na tulipokaribia kinu watu walikuwa wamejaa ukingoni kama wanangoja bibi harusi.

Mjomba akaamuru maji yote yaliyovujia ndani yatekwe kwanza. Nikayateka mpaka kibuyu kikakwangua mti. Mwenye Kinu akaingia mtoni na suruali yake, akainama kutazama ubavu wa mtumbwi. Akapapasa. Alama ya lori ilikuwa chini ya maji, kwa upana wa kidole.

"Ya pampu ni nzito zaidi," akasema, pole pole.

Msomali alikuwa amesimama juu, amefunga shuka. "Warya, wewe, nilisema nini mimi?"

Mvutaji mmoja aliyeibeba ya lori na sasa ameibeba ya pampu akasema, "Si kweli. Bega langu linakataa."

"Ile ya lori mliibeba na njaa," mjomba akamjibu. "Hii mmeibeba mmeshiba samaki wangu. Bega lako linajua nini?"

Watu wakacheka. Mimi pia bega langu lilikuwa linakataa. Lakini alama ilikuwa pale, kila mtu anaiona, na sote tulikuwa tumechoka na tunataka jambo liishe. Nafikiri Mwenye Kinu moyoni alikuwa ameshachagua ya lori tangu zamani, alitaka tu aambiwe haina ubaya. Alitoka majini anacheka, suruali inachuruzika. Ile ya pampu tukaitupa kwenye migomba, na kuku wakaanza kuilalia.

Kuifunga kulichukua muda. Alikata chuma, akachonga vipande vya mti mgumu vya kuikalia injini, boneti ikakataa kufunga, akaifunga kwa mkanda mrefu zaidi na kuacha uwazi kama mdomo wa mtu anayesinzia. Kinu kililala. Wanawake wakaanza kutwanga mpunga wao kwa mikono kama zamani, wakawa wanampitia na kumwambia, "Bwana, tutwangie basi na hilo gari." Yeye hana habari. Kila asubuhi anatazama mawingu upande wa bahari, kisha anaingia chini ya gari. Alipoiwasha mara ya kwanza ilinguruma hata mbuzi wakakata kamba. Nilimwona akilia kidogo, au ni moshi.

Akaniomba niende naye. Nitakaa kiti cha pili mpaka Mombasa, nimsukume akikwama, halafu nirudi na lori la ngozi, maana kiti cha kurudi kina mwenyewe. Nikakubali. Ngozi nilikuwa nimezizoea.

Kwenye feri, gari lilipopanda ule mlango wa mbele wa kupandia magari, mlango ukazama kuliko tulivyozoea kwa gari dogo. Mjomba alitazama maji muda mrefu.

"Haya," akasema mwishoni, lakini si kwa sauti yake.

Tulivuka, tukapita mji, watoto wanakimbia nyuma, tukaingia mbugani. Kwa muda gari lilikwenda vizuri sana, nisiseme uongo. Upepo ulinitoa machozi. Mwenye Kinu alikuwa ameweka kifurushi magotini kwangu, kitambaa kipya cha mkewe na ndara mpya, na kila gari likiruka ananitazama kama nimekishika. Kisha tukafika bondeni, pale ng'ombe wa Waorma hupita wakienda kunywa. Alfajiri ile kulikuwa kumedondoka manyunyu, si mvua, manyunyu tu. Pua ikashuka. Hakukuwa na kishindo, ilishuka kama mtu anayekaa chini, na magurudumu ya nyuma yakabaki mepesi yanazunguka hewani na kurusha udongo. Feni ikaanza kukata matope, akazima.

Nilisukuma, nikachimba, nikakata miiba nikatandika. Nikilikalia nyuma, pua haiinuki hata kidogo. Mzee mmoja wa Kiorma akapita na ng'ombe wake, akasimama kwa mguu mmoja juu ya fimbo, akalitazama gari lote kwa makini.

"Huyu amenona mbele, nyuma amekonda," akasema. "Ng'ombe wa hivi mimi simvushi mto."

"Tusaidie kuvuta, mzee," Mwenye Kinu akasema.

"Ng'ombe wangu hawajui kuvuta. Wanajua kula." Akaenda zake, na ng'ombe wake wakapita pande zote za gari wakilinusa.

Nikarudi Garsen kwa miguu kutafuta kamba na watu. Tulifika na mjomba na wavutaji wote siku iliyofuata, tumebeba kamba nene ya kufungia feri, na njiani mawingu yalikuwa yameshaungana. Tulimkuta Mwenye Kinu amekaa ndani ya gari, mikono kwenye usukani, ndevu zimemwota. Tukafunga kamba, tukavuta kama tunavyovuta feri. Pua ilitoka kidogo ikarudi. Tukavuta tena mpaka mmoja wetu akatapika. Mjomba akainua mkono tuache.

Akaenda akasimama kando ya mlango.

"Bwana," akasema, "leo asubuhi nimeuangalia mtumbwi. Mtupu, hauna kitu ndani. Ile alama ya kwanza, ya mtumbwi mtupu, iko chini ya maji."

Mwenye Kinu akamtazama.

"Siku ya lori ulikuwa umekauka," mjomba akaendelea. "Mkuyu unakunywa. Tuliposafiri nao ukanywa siku zote zile. Ya pampu tuliipima na maji yaliyomo ndani ya mti."

"Kwa hiyo ya pampu ilikuwa nyepesi."

"Nyepesi. Pengine sana."

Nilingoja amtukane. Hata mimi nilitaka amtukane, tupate kupumzika. Lakini Mwenye Kinu alicheka kidogo puani, akapangusa vumbi kwenye saa ya mafuta kwa kidole.

"Hata mimi niliingia majini nikaona kwa macho yangu," akasema.

Tone la kwanza likapiga boneti, halafu jingine. Yalikuwa makubwa, yametengana. Wavutaji wakaanza kukusanya kamba wenyewe bila kuambiwa. Mjomba akainama kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari ya mgonjwa:

"Yule mama. Alisema uende na gari?"

Mwenye Kinu akafikiri. Mvua ikawa inampiga kofia na vumbi la makapi linamtiririka usoni.

"Alisema niende," akasema.

Akafungua mlango, akatoka. Akavua viatu, akavifunga kwa kamba zake na kuvitundika shingoni, akakunja suruali hadi magotini, akaninyoshea mkono nimpe kile kifurushi. Nikampa. Akakitia ndani ya shati, upande wa ngozi. Nilimwambia Malindi ni mbali, angoje tumtafutie lori. Akasema, "Najua ni mbali," kama nimemwambia jina lake. Hakuniachia ufunguo wa kinu, wala hakusema neno juu ya kinu, wala hakugeuka kulitazama gari. Alishika njia ya Malindi kwenye udongo ule ule, unamshika kisigino na kumwachia, na tulimtazama mpaka nyasi na mvua vikamficha. Mjomba akaokota ncha ya kamba akaanza kuikunja. Mwenye Kinu hakurudi tena.